Mlango Uliofunga Kwaresima

Shemeji yangu ni fundi wa vitasa, na mtaa mzima unamwita Mzee Funguo. Ukijifungia nje huku mtoto analia ndani, yeye ndiye wa kukimbiliwa. Anakuja na mkoba wake wa turubai, anapiga magoti mbele ya mlango, anachokonoa huku akinong'ona, na kabla hujamaliza kumweleza ilivyokuwa, umeshaingia kwako.

Basi mwezi mmoja kabla ya Jumatano ya Majivu, binti yake wa pekee alimjibu mbele ya wageni. Baba alitaka arudi chuo cha ualimu. Binti akasema afadhali asuke nywele za watu kuliko kupangiwa maisha, akachukua pochi akaenda kulala kwa rafiki yake. Asubuhi yake Mzee Funguo akabadilisha kitasa. Jioni binti aliporudi, ufunguo uliingia lakini ukagoma kuzunguka. Hakubisha. Alikuja kwangu, mimi mama yake mdogo, akalala kwenye kochi, na hapo ndipo pakawa kwake.

Kwaresima ilipoingia, shemeji alifunga kwelikweli. Nyama hagusi, chai anakunywa bila sukari, redio kaifunika kitambaa. Kwenye Njia ya Msalaba alipiga magoti vituo vyote, wakati sisi wenye magoti mabovu tumeegemea mabenchi. Mimi nilikasirika. Nikamwambia, "Shemeji, unakonda bure." Akanijibu nisiingilie sala zake. Wanasema mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Huyu wetu Mkatoliki sijui alikuwa anasubiri sikukuu gani.

Jumapili moja nilikuwa kwao, tunakula maharage. Dada yangu, mwanamke asiyepandisha sauti hata akiungua, aliweka kijiko chini.

"Mume wangu, mwaka huu umefunga. Nyama umefunga, sukari umefunga, na mlango umeufunga. Sasa Pasaka ikifika, Yesu atapitia wapi?"

Mzee Funguo akatabasamu, maana Maandiko anayajua. "Mbona aliingia kwa mitume milango ikiwa imefungwa?"

"Yeye anaweza," dada akasema. "Mwanangu hawezi."

Shemeji aliacha chakula kwenye sahani akaenda kukaa uani. Nilimwona akijifuta macho kwa mkono wa shati, na hasira yangu yote ikaniisha. Nilimhurumia, jamani, na kukonda kwake kule.

Kesho yake mchana alibisha kwangu, na binti ndiye aliyefungua. Mimi nikajifanya nachambua mchele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akatoa mfukoni ufunguo mpya, bado una makali ya kuchongwa. Aliushika muda mrefu kabla ya kumnyooshea. "Ulinijibu vibaya, mwanangu. Lakini mtoto hafungiwi nje. Hilo kosa ni langu. Nisamehe."

Binti aliugeuzageuza ufunguo kiganjani. Midomo ilikuwa inamcheza, nikajua analia au yuko karibu.

"Na kusuka je, baba? Maana chuo sirudi."

Mzee Funguo akavuta pumzi. Nikaacha mchele kabisa, nikasema moyoni, leo tumekwisha.

"Hayo," akasema, "tutagombana tukiwa ndani."

Binti akacheka huku machozi yanamtoka, akageuka, akaanza kukunja shuka la kwenye kochi langu.