Choa cha Samaki wa Mzee

Nichekeni tu, nimeshazoea. Nilikuwa dereva wa mzee mmoja wa Donholm aliyefuga taa wa maji baridi kwenye tangi la kioo: samaki bapa kama chapati, mweusi, mwenye madoa meupe ya mviringo.

Mzee na mkewe waliposafiri kwenda Machakos, waliniachia ufunguo nimlishe. Nikachungulia tangi, nikashtuka. Mimi ni baba wa watoto wanne, choa nakijua! Kwetu mtoto hunyolewa kichwa akapakwa GV, ile dawa ya zambarau. Huyu hana nywele, kazi imepungua. Nikamwopoa kwa karai, nikakwepa mwiba wa mkia, nikampaka mpaka doa la mwisho likapotea.

Jumapili wakarudi. Mzee akakimbilia tangi.

“Madoa yake yako wapi? Si ndiyo yalifanya nimnunue!”

Nikaficha mikono mgongoni. “Mzee, mimi sijamgusa.”

Mkewe, mlokole kamili, akaingilia: “Baba, kwanza tushukuru kwa safari. Tuinue mikono.”

Mzee akainua. Mama akainua. Wakaningoja.

Nikainua yangu, ya zambarau hadi kwenye viwiko.