Skrubu Kwenye Mchoro

Mchoraji wa saketi pale karakana alikuwa haachi kitu. Kwenye mchoro wa umeme, kando ya vipuri vinavyochomelewa kwenye bodi, alichora pia skrubu, nati, vishikizo vya plastiki, hata kasha lenyewe, ili vyote vitokee kwenye orodha ya manunuzi. Fundi muunganishaji alizoea kumtania. "Dada, skrubu nayo inapitisha umeme?" Naye hujibu kwa sauti ya chini, macho kwenye skrini, "Kisichochorwa hakinunuliwi, kaka."

Siku ya kujaribu mashine ya kwanza ya kuwapasha joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, manesi walikuwa wakisubiri chumba cha pili. Fundi alikuwa ameshashika swichi, na meneja wa karakana amesimama kando yake. Mchoraji akapitisha kidole kwenye mchoro kama kawaida yake, kidole kikasita.

"Kaka, usiwashe."

"Kuna nini tena?" meneja akauliza.

"Kati ya transista inayoendesha kipasha joto na kasha la chuma panatakiwa karatasi ya kuzuia umeme. Sikuichora."

Fundi akafungua kasha. Chuma kilikuwa kimegusana na chuma. Nesi wa kwanza kuishika mashine angepigwa shoti. Meneja akautazama mlango wa chumba cha pili.

"Wale manesi nitawaambia nini?"

"Waambie nimesahau mimi," mchoraji akasema, huku tayari anachora. Mstari wa kwanza ukaenda kombo. Akaufuta, akaanza upya taratibu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.