Bunduki ya Mkwajuni

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na kuni, hakuna mtu wa kwetu aliyepita chini ya mkwaju wa njia ya Pundanhar na mzigo kichwani. Unautua, unanyunyiza unga kidogo shinani, ndipo unapita. Aliyetufundisha ni bibi yangu mzaa baba. Wakati wa vita vya kudai uhuru, kabla babu hajavuka Rovuma asirudi tena, alimwambia: "Mkwaju ule una changu. Usikubali ukatwe. Ukiguswa utalia." Bibi akaelewa kuwa ni mzimu, na mzimu huo ukala unga wetu hata miaka ya njaa.

Majirani walikuwa na lao kuhusu babu. Walisema aliiuza bunduki aliyopewa na wapiganaji wenzake, akaenda kustarehe ng'ambo. Kila nilipogombana na mtoto kisimani nilijua tusi litakalokuja: mjukuu wa muuza bunduki. Nilikuwa na ulimi mkali kama pilipili, lakini hapo nilijitwika ndoo yangu nikaondoka, na tusi hilo liliniuma sana.

Kisha gesi ikapatikana baharini, na upanuzi wa barabara ukafika hadi kwetu. Wakaja vijana na misumeno ya mashine. Bibi akawaonya kwamba mti ule utalia. Wakacheka kwa adabu, wakaanza kukata. Msumeno haujafika mbali, mkwaju ukalia! Mlio wa kutia meno ganzi, cheche zikaruka, vijana wakatupa mashine wakatimua mbio. Mimi nilimng'ang'ania bibi kiunoni. Yeye hakusogea.

Shina lilikuwa na uwazi ndani, na gome lilikuwa limekua likauziba. Humo vijana waliporudi walikuta bunduki, imeviringishwa katika turubai lililopakwa grisi.

Polisi aliyeitwa aliigeuza huku na huku. Haikuwa na namba wala jina la nchi. Palipokuwa na maandishi palikuwa pamepigwa tupa.

"Arma bila namba, vovo," akamwambia bibi kwa heshima, akichanganya Kireno. "Labda ya Wareno, labda ya majambazi. Nani ataitambua?"

"Mimi," bibi akajibu. "Pangusa kitako, ubavu wa kushoto. Mume wangu alikuwa mchonga vinyago, kusoma hajui. Aliniambia bunduki yake ameiandika uso wangu."

Polisi akasugua kwa kitambaa. Zikatokea nembo, chale zilezile ambazo wanawake wa Kimakonde wa rika la bibi walichanjwa usoni. Bibi akapiga magoti, akaweka shavu lake kando ya mbao. Mistari ilifanana yote, hata ule uliopinda kidevuni, pale alipojitikisa usichanani kisu kilipomgusa.

Polisi akavua kofia. "Ni yake, vovo."

Bibi akapiga kigelegele kilichofika kisimani, machozi yakimtoka. "Hakuuza kitu!" akawaambia majirani waliokuwa wamekusanyika. "Mmesikia? Hakuuza kitu!"

Tangu siku ile tusi lile lilikufa, nami nikawa natembea nimeinua shingo. Mpaka leo natembea hivyo. Watu huniuliza kama naamini mizimu, nami huwajibu kwamba unga wetu haukupotea bure. Bila ule unga mti ungekatwa kuni zamani, na jina la babu lingeungua nao.

Bunduki ilichukuliwa na serikali, ikawekwa ghalani. Bibi alifariki bila kupigwa picha hata moja. Uso wake umebaki pale tu, kwenye mbao ya bunduki ghalani, pamoja na ule mstari uliopinda.