Sifuri kwa Aliyetoa na Aliyepokea

Pale chuoni tulimwita Bwana Masharti, na jina likamkaa. Alifundisha miundo ya data miaka kumi na tisa, lakini alichokipenda hasa ni waraka wake wa masharti. Kurasa kumi na nne! Kazi ikichelewa dakika moja, sifuri. Simu ikilia, nje. Kunakili, sifuri kwa aliyetoa na aliyepokea. Siku ya kwanza ya muhula aliusoma wote kwa sauti, na mimi fundi wa maabara niko nyuma nahangaika na nyaya, usingizi na hasira vinanigombania.

Tena alikuwa na ugonjwa mwingine. Aliandika programu ubaoni, na mwanafunzi aliyebadilisha hata nafasi moja kati ya maneno alikatwa maksi. Wajanja walijua la kufanya. Walipindapinda kidogo ili wasikamatwe kwa kunakili, wakakubali kukatwa mbili tatu, maisha yakaendelea.

Mwanafunzi mmoja, muuguzi na mama wa watoto watatu, hakuwa mjanja. Alikuwa anarudia somo kwa mara ya mwisho. Akianguka tena, chuo basi. Kwa hiyo akatii. Kazi ya orodha, ile ambayo kila kipande kinamshika mkono mwenzake anayefuata, aliiandika vilevile kama ubaoni, nukta kwa nukta. Programu ya kukagua wizi ikamkamata: asilimia tisini na sita.

"Mama, umenakili," Bwana Masharti akasema, sifuri ameshaiweka.

"Nimenakili kwa nani, mwalimu?"

"Kwa nani si hoja. Masharti uliyasaini."

Nikafungua faili lililofanana na kazi yake. Lilikuwa la Bwana Masharti mwenyewe, alilipakia mwaka juzi kama mfano. Nikamwonyesha. Akakohoa, akasema mashine haikosei. Mtu mzima hovyo! Mkuki kwa nguruwe mtamu. Akajaza fomu ya udanganyifu, akaipeleka ofisini, kisanduku cha aliyenakiliwa amekiacha kitupu.

Ikarudishwa baada ya saa moja. Fomu isiyokamilika haipokelewi, na utaratibu huo aliutunga yeye alipokuwa katibu wa kamati ya nidhamu.

Alikaa nayo mezani asubuhi nzima. Kumfutia mtoto wa watu ile sifuri kungemchukua nusu dakika. Lakini kisanduku kitupu kilimkera kuliko dhuluma. Saa sita akaandika humo jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, akasaini kama mshtaki, akasaini tena kama mshtakiwa.

Kamati ilicheka mpaka ikajifuta machozi, kisha ikaitupa kesi. Mama akapata maksi zake, akafaulu. Niliwakuta mlangoni, Bwana Masharti anamwonya kwamba siku nyingine awe mwangalifu.

"Kosa langu ni moja tu, mwalimu," yule mama akamwambia, akifunga mkoba wake. "Nilikutii."

Akaondoka. Bwana Masharti akafungua waraka, akaanza kutafuta kosa hilo liko ukurasa wa ngapi.