Karani wa Kinyozi

Nimenyolewa katika miji mingi na kwa lugha nyingi, na nimejifunza kwamba kinyozi hupimwa mwishoni. Kuanza kila mtu anajua. Kazi ni kumaliza. Wapo wanaokufukuza nusu ya kichwa bado haijakaa sawa, na wapo wanaopunguza hapa, wakapunguza pale, mpaka unatoka na kichwa cha mtu mwingine.

Kinyozi ninayemsimulia alikuwa na kanuni moja tu: aliyekaa kitini ndiye husema inatosha. Alizima mashine, akashika kioo kidogo nyuma ya kisogo chako, akangoja. Ungeweza kukaa pale ukatafakari maisha yako yote, asikuharakishe. Ukishasema "inatosha," alikivuta kitambaa kutoka shingoni mwako, akasogea mlangoni na kukikung'uta mara moja kwa nguvu, kama anayefukuza kuku.

Na hapo mbwa aliamka.

Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Siku nzima alijilaza chini ya benchi la wateja. Mashine ivume, redio iimbe, watu wabishane mpira, yeye amefumba macho. Lakini kitambaa kikikung'utwa, aliinuka, akajinyoosha, akakufuata hadi mlangoni na kuketi kizingitini mpaka umepotea kwenye kona. Kisha alirudi kulala. Hakuna aliyemfundisha.

Waliokuja pale walimwita Karani. Jina lilitoka kwa Mwalimu, mstaafu mwenye kichwa laini kama yai, ambaye hata hivyo alikuja kila Jumamosi na kukaa kitini.

"Leo umekuja kunyoa nini?" kinyozi alimuuliza siku ya kwanza niliyofika pale.

"Mawazo," alisema Mwalimu. "Na nimekuja kuonana na Karani. Yeye ndiye mwenye muhuri. Asipokusindikiza, hesabu kwamba hujanyolewa."

Mbwa huyo aliletwa dukani na mke wa kinyozi, angali mdogo kiasi cha kulala ndani ya beseni la taulo. Mke ndiye aliyefua taulo na vitambaa, na ndiye aliyechagua rangi ya kijani iliyokuwa bado ukutani. Nilipofahamiana na kinyozi, mke alikuwa amekwisha kufariki kwa saratani. Kinyozi hakumtaja sana. Akimtaja, alisema "mwenye beseni," na mikono yake ikatafuta kitu cha kupanguza.

Halafu Karani akaanza kuchechemea.

Kinyozi alidhani amekanyaga mwiba. Akamkagua mguu wa mbele wa kushoto, akatafuta kwa vidole kama anavyotafuta kovu kichwani kabla ya kupitisha wembe, asione kitu. Baada ya muda pakavimba juu ya kifundo. Daktari wa wanyama, dada kijana mwenye sauti ya chini, alipiga picha na kuiweka kwenye taa. Mfupa ulikuwa umeliwa kama ubao wenye mchwa.

"Ni saratani, mzee," alisema. "Na inamuuma kuliko anavyoonyesha. Huu mguu lazima utoke."

Wakaukata begani. Nilikuwepo siku Karani aliporudi dukani, ameshonwa ubavuni kama mto uliopasuka. Alijilaza chini ya benchi na sote tukajifanya hatumtazami. Kinyozi akamaliza kichwa cha kondakta mmoja, akasahau, akakung'uta kitambaa. Karani akainuka. Akaanguka kidevu kikagonga sakafu. Akainuka tena, akaruka-ruka kwa miguu mitatu hadi mlangoni, akaketi kizingitini huku ameinama upande. Yule kondakta alisimama nje hajui aende au abaki.

"Nenda," Mwalimu alimwambia. "Asipokuona umepinda kona hatalala."

Tulicheka. Kinyozi aligeukia ukuta akasafisha kitana kilichokuwa safi.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini nyuzi zilipotolewa, daktari alimkalisha kinyozi na bintiye akawaeleza lililobaki. Saratani ya namna hii haikai mguuni peke yake. Hata kama mapafu yanaonekana safi kwenye picha, karibu kila mara mbegu zimekwisha kutawanyika. Bila dawa, Karani angepata miezi minne, labda mitano. Kwa dawa ya dripu, ile ile wanayopewa watu, ikirudiwa kila baada ya wiki tatu, labda mwaka.

"Anapona?" aliuliza kinyozi.

"Haponi, mzee. Tunamwongezea muda. Mbwa wengi wanaivumilia kuliko watu, kwa sababu hatuwapi dozi kali. Wengine inawalaza siku mbili tatu, hawali. Sitakudanganya, siwezi kujua wako atakuwa yupi."

"Wewe ungefanyaje?"

"Nimewaona waliochagua hivi na waliochagua vile. Wote walimpenda mbwa wao."

Binti hakusubiri. "Tutampa. Gharama niachie mimi, baba."

Kwa hiyo kinyozi hakuwa hata na kisingizio cha umaskini.

Binti huyu alikuwa mtoto wake pekee. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za malori. Kutwa alikuwa kwenye simu akiwaambia madereva wapite wapi, na nani akamvute nani kwenye tope. Kwake hapakuwa na kitu kinachoitwa mwisho, palikuwa na njia nyingine. Mama yake alipougua, yeye ndiye aliyetafuta hospitali na kupanga tarehe za dripu. Kisha akatumwa safari ya kikazi, na aliporudi alikuta mama ameacha dawa. Baba alijua, na baba alikubali. Mama alifariki kabla mwaka haujageuka. Binti hakumtukana baba yake, hakuna mtoto aliyelelewa na wale wawili ambaye angefanya hivyo. Alimwambia neno moja tu, wakati wageni wa msiba wakiondoka: "Ulimwacha." Tangu siku ile alimpigia simu kila Jumapili, akamuuliza kama amekula.

Sasa alisema, "Lori likikwama huliachi njiani, baba. Safari hii hatuachi."

Kinyozi akaitikia sawa. Tarehe ikapangwa.

Kilichofuata ni kosa ambalo nadhani kinyozi peke yake angeweza kulifanya, tena kinyozi mjane. Siku moja kabla ya dripu ya kwanza alifunga duka mchana. Akambeba Karani, akamweka kwenye kiti cha kuzunguka, akamfunga kitambaa shingoni. Akachukua mashine na kumnyoa mwili mzima: mgongo, kifua cheupe, mkia, hata nyuma ya lile sikio lililolala. Alimnyoa taratibu, kwa namba ile ndogo ya mashine anayowekea watoto wanaoogopa. Karani alitulia. Alipomaliza alishika kioo nyuma yake, kwa mazoea, akangoja. Ndipo alipogundua kwamba hakuna atakayesema inatosha.

Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, nikiwa kwenye kiti hicho hicho.

Kesho yake walifika kliniki, chumba chenye meza ya bati na mizani ukutani, na dripu tayari imening'inizwa. Daktari alimtazama Karani, mwembamba, mwenye miguu mitatu, ngozi ya kijivu imetoa vipele vya baridi.

"Nani amemnyoa hivi, mzee?"

"Mimi."

"Mimi nilihitaji kunyoa pa sindano tu. Kidogo hivi."

"Sikutaka yaanguke yenyewe," alisema kinyozi. "Yakianguka yenyewe, unayakuta kwenye mto asubuhi. Mtu anaamka anayakusanya kwa mikono, anaona haya kana kwamba ameiba. Bora kumtangulia."

Daktari aliweka sindano mezani. Aliteremsha sauti zaidi. "Mzee wangu, mbwa wa aina hii hawapotezi manyoya kwa dawa hii. Sharubu labda. Ningekuambia, sikujua kama unafikiria hilo."

Kinyozi akatikisa kichwa polepole. "Basi nimemwonea bure."

Binti alikuwa amesimama karibu na mlango, simu mkononi, inaita na yeye haipokei. Alikuwa anamtazama mbwa. Kisha akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimuuliza jambo ambalo si chakula.

"Mama ulimnyoa wewe?"

"Pale pale kitini. Duka limefungwa. Alitaka nimpake na poda shingoni kama wateja wengine, akanidai na risiti."

"Na kuacha dawa? Aliamua lini?"

Kinyozi alimshika Karani kifuani ili asiteleze kwenye bati. "Baada ya ile ya tatu. Alikuja dukani, akakaa kitini, kichwa hakina kitu cha kunyoa. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza Mwalimu, leo umekuja kunyoa nini. Akasema, inatosha. Nikajifanya sijaelewa. Akasema nataka nywele ziote. Akasema sitaki kufika huko nina kichwa kama cha Mwalimu, watanipanga upande wa wanaume."

Binti akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na hakikuishia kwenye kicheko. Alikwenda ukutani, akaegemea mizani, namba za uzito zikakimbia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nilimwacha. Na kweli nilimwacha. Yeye ndiye alikuwa amekaa kitini, mwanangu. Ningesema nini?"

Daktari alijifanya anapanga pamba.

"Na huyu?" binti aliuliza. "Huyu hawezi kusema."

"Hawezi. Hilo ndilo linaloniua. Mama yako alisema, nikaumia, lakini nililala. Huyu nikimwekea dripu akalala chini siku tatu, sitajua kama anasema inatosha au anasema endelea. Nikiacha, sitajua pia. Ninachojua ni kwamba kitambaa kikikung'utwa anainuka. Mpaka sasa anainuka."

Simu ya binti ikaita tena. Aliizima. Alivua sweta lake, akamvisha Karani, tundu moja la mkono likabaki linaning'inia.

"Nyumbani, baba," alisema. "Twende naye nyumbani."

Daktari akawapa vidonge vya kutuliza maumivu. Hakuwaambia wamefanya vyema, na kinyozi alimheshimu kwa hilo.

Sijui kama walifanya vyema. Nimekutana na watu wenye hakika katika kila nchi, na nimeona wanalala usingizi uleule tunaolala sisi. Mwalimu alisema dukani kwamba angempa mbwa dawa, na kwamba kinyozi amezoea mno kusikiliza wateja. Alisema hivyo mara moja, kisha Jumamosi iliyofuata akaleta blanketi.

Manyoya yaliota. Yaliota mepesi na meusi kidogo kuliko ya awali, na kwa kipindi fulani Karani alionekana mbwa mpya. Aliwasindikiza wateja. Binti alianza kuja siku za kazi, akiwapangia madereva njia kutoka kwenye benchi, miguu yake juu ya mgongo wa mbwa. Baba na mtoto walikula pamoja, kwa hiyo swali la Jumapili likafa.

Kikohozi kilikuja mapema. Hakikungoja hata miezi ile aliyoitaja daktari.

"Labda tungeijaribu ile dripu," binti alisema aliposikia kile kikohozi kikavu chini ya benchi.

"Labda," alisema baba yake. Wakaliacha neno hilo hapo, katikati yao, na hakuna aliyemsukumia mwenzake.

Siku ya mwisho Karani alikuwa anavuta pumzi kwa tumbo lote. Walimlaza kwenye kiti kwa sababu sakafu ilikuwa baridi, wakamfunika kitambaa cha kunyolea. Daktari alikuja na mkoba wake. Duka lilikuwa limefungwa, lakini Mwalimu aliingia kwa mlango wa nyuma na kofia mkononi. Daktari alitayarisha sindano, akamtazama kinyozi. Kinyozi alisimama nyuma ya kiti, mahali anaposimama kila siku, na akakosa neno. Miaka yote hiyo alikuwa yule anayengoja, hakuwahi kuwa yule anayesema.

Binti akamshika mkono uliokuwa umekamata kiegemeo.

"Baba," alisema. "Inatosha."

Nilikuwa mbali wakati huo, katika mji mwingine, kwenye kiti cha kinyozi asiyejua kumaliza. Niliporudi nilikwenda pale moja kwa moja kutoka stendi, nywele zimenifika masikioni. Ukuta ulikuwa kijani kile kile. Chini ya benchi palikuwa na blanketi limekunjwa vizuri. Sikuuliza. Alininyoa akinisimulia haya yote kwa sauti ya kawaida, akisimama tu pale mashine ilipohitaji mafuta.

Kisha akazima mashine, akashika kioo nyuma ya kisogo changu, akangoja. Nilikaa zaidi ya nilivyohitaji. Niliposema inatosha, alikivuta kitambaa polepole, akakikunja na nywele zangu ndani yake, pembe kwa pembe, kama mtu anayefunga kitu kinachoweza kumwagika. Hakwenda nacho mlangoni. Alipita mlango wa nyuma, akaenda kukikung'utia mbali uani, nisikoweza kusikia.

Nikainuka kitini na kwenda hadi mlangoni peke yangu.