Siti Yangu ya Mbele

Mume wangu hajawahi kunitazama anavyolitazama gari lake likiwa limevuliwa zulia na viti. Nasema hivyo bila kuona haya, maana majirani wote wa ploti yetu hapa mtaa wa Tena wamemwona. Huchuchumaa, hupitisha kiganja kwenye bati, huondoka, kisha hurudi kana kwamba ameitwa. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Yeye alikohoa hadharani kila Jumamosi, pale chini magari yanapoegeshwa.

Lilikuwa gari dogo la zamani, injini yake ya kinyonge. Lilitupeleka kanisani, na baada ya ibada likatupeleka Makadara kwa shangazi yangu. Mimi hushona mapazia na vitambaa vya viti, kwa hiyo siti zake nilizivisha mwenyewe tulipooana, kitambaa cha maruni na uzi wa rangi ya maziwa. Siti ya mbele ilikuwa yangu. Kwetu jambo hilo halina mjadala. Hata mama mkwe akija kutoka Kakamega hufungua mlango wa nyuma mwenyewe, akisema, "Hapo mbele pana mwenyewe." Nami nilijibwaga pale mbele kila Jumapili, kitambaa kichwani, nikawapungia watu mkono.

Kisha akaanza kwenda mashindano. Siyo yale ya mabingwa. Ni watu wa kawaida na magari yao ya kawaida, wanakimbia mmoja mmoja kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, wakishindana na saa. Alirudi wa mwisho, akaenda tena, akarudi wa mwisho. Injini kubwa ilikuwa nje ya uwezo wetu. Ndipo wenzake wakamwambia kwamba gari likipunguzwa uzito hukimbia kama lililoongezewa nguvu, na kupunguza uzito ni bure. Laiti wangemfundisha kitu kingine.

Alianza na vitu ambavyo hata mimi sikuvililia: gurudumu la akiba, jeki, takataka za kwenye buti. Akang'oa zulia. Chini ya zulia mlikuwa na lami ngumu iliyobandikwa kuzuia kelele, akaibandua kwa patasi, kipande kwa kipande, kwa subira ambayo hajawahi kuitumia kwenye zipu ya gauni langu. Redio ikatoka, spika zikatoka, bitana ya ndani ya milango ikatoka. Aliazima mzani wa ndoano kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akautundika kwenye nguzo ya kamba za nguo, na kila kilichotoka akakipima na kuita uzito wake kwa sauti. Tulianika shuka zetu katikati ya hesabu hizo.

Jirani yangu wa chini aliona yote. Mumewe ana pikapu nzito, ya kubebea viazi, na Jumapili yeye hupanda mbele taratibu, akijirekebisha kwenye kioo. "Jirani," akaniuliza siku moja, "nyinyi sasa mtakuwa mkitembea?" Nilimcheka kidogo, nikaingia ndani nikagonga sufuria. Nilimwonea wivu mwanamke huyo mpaka nikavionea wivu hata viazi.

Siti ya nyuma ilipong'olewa, niliendelea kuanika shuka. Nani hukaa huko, nilijiambia. Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka dukani kwangu nikaikuta yangu inaning'inia kwenye ndoano.

"Hiyo ni yangu," nikamwambia.

"Najua, mamaa. Lakini cheki vile ni nzito! Chuma tupu."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Akacheka, wala hakuwa na ubaya. "We ukipanda, hii kazi yangu yote imeenda bure. Si unaelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Niliibeba siti ile hadi dukani, nikaiweka kando ya cherehani, nikawa naikalia nikishona mapazia ya watu. Wateja waliisifu. Ningependa kusema nilikasirika, kwa kuwa hasira ina heshima yake. Lakini ulikuwa wivu, wivu mtupu, kama wa mke mkubwa anayesikia mke mwenza akichekeshwa chumba cha pili. Na huyu mke mwenza wangu alikuwa akikonda kila wiki na kupendeza.

Basi nami nikaamua kukonda. Kama huyu mwanamume anapenda kilichopungua, nilijiambia, atakipata. Nikaacha chapati. Nikaacha sukari kwenye chai, na kwetu chai isiyo na sukari ni ya mgonjwa. Badala ya kupanda boda hadi sokoni nikawa natembea, jua la mchana likinichoma utosini. Nikapunguza gauni kiunoni, nikalipunguza tena. Mteja mmoja akanishika mkono kwa huruma na kuniuliza kama nyumbani kuna amani.

Mume wangu hakuona kitu. Mtu huyu akilala husikia gari la jirani na kujua plagi ipi imechoka, lakini mke alipungua mbele yake kwenye meza ileile, naye akanisogezea chumvi. Huku gari likianza kukimbia kweli. Mgala muue na haki umpe: alirudi wa tatu, vumbi mpaka kwenye kope, na nilipomwona anavyong'aa nilitamani kulipasua kioo.

Nilijipima kwa mwenye duka la dawa. Jioni hiyo, tukila, nikamwambia kilo nilizopunguza. Sikueleza ni kwa ajili ya nani. Nilitaka ajiulize mwenyewe.

Kijiko kilisimama. "Kumi na moja?" Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aazime ule mzani, kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kama nilivyokuwa nikiomba. Moyo wangu ulipiga kama wa msichana. "Mamaa, hiyo ni siti yako yote na kitu juu!"

Hakumaliza chakula. Alichukua ufunguo wa duka langu, akarudi na siti yangu ya maruni begani, akaifunga mahali pake bolti baada ya bolti, akiimba.

Jumapili nilijifunga kile kitambaa changu. Jirani alikuwa mlangoni, nikahakikisha ameona. Tukashika Jogoo Road kuelekea Makadara, kelele za barabara zikiingia moja kwa moja kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuzizuia, na mimi sikujali. Nilikuwa nimerudi mahali pangu. Barabara ilipofunguka akakanyaga mafuta, gari likaruka, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akanigeukia na lile tabasamu la siku ya arusi yetu, nililokuwa nimedhani limeisha.

"Umeskia?" akauliza.

"Nini?"

"Gari!" Akanishika goti kwa upole, kama anayenipa zawadi. "Ni kama haujapanda kabisa."