Kiranja Aliyeelewa kwa Niaba ya Wote

Jina lake halisi analijua mama yake mzazi na msajili wa chuo. Sisi wengine tulimwita Tumeelewa, naye aliitika bila kununa. Jina hilo alikuja nalo kutoka sekondari.

Huko alikuwa kiranja wa darasa. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa na tabia moja: akimaliza kuandika anageuka, anapangusa chaki kwenye suruali, anauliza, "Tumeelewana?" Darasa likinyamaza anafuta ubao wote na kuanza upya, kengele ya chakula ilie isilie. Basi wanafunzi wakakubaliana kimyakimya kwamba kiranja ana kazi moja tu duniani. Mwalimu akiuliza, yeye anasimama, mikono nyuma, na kusema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Tumeelewa, mwalimu!" Mwalimu anakusanya vitabu vyake, watoto wa watu wanakwenda kula. Walimpenda kupita kiasi. Mimi mwenyewe ningekuwa darasa lile ningempenda, maana mimi na njaa hatujawahi kupatana.

Alifaulu kwa kukariri, akaja chuo cha uuguzi, tukapangiwa chumba kimoja. Ni mtu safi mpaka anakera. Kitanda chake kimetandikwa hadi unaona haya kukikalia, na koti lake jeupe alilifua kila jioni na kulitundika dirishani. Lakini ukimtuma kitu, anaitikia kabla hujamaliza kukitaja. Siku moja nilimwomba aniletee uzi. "Sawa, sawa," akatoka mbio, akarudi na kikombe cha uji.

"Sasa huu niushonee nini?" nikamuuliza.

"Nilidhani nimesikia."

"Ungesema 'rudia', ungepungukiwa na nini?"

Akacheka, nami nikaunywa ule uji. Tulilichukulia jambo lile kama utani, na nadhani bila yaliyotokea wodini tungeendelea kulichukulia hivyo mpaka leo.

Wiki tuliyopelekwa wodi ya watoto, mkuu wa chuo alitupa pia kazi ya pembeni. Ijumaa twende sekondari ya jirani tukazungumze na wanafunzi: kama ungekutana na wewe mwenyewe wa enzi za sekondari, ungemwambia nini? Mimi ya kwangu yalikuwa ya kujaza gunia. Ningemwambia alale usiku. Asichague masomo kwa sababu rafiki yake kayachagua. Aachane kabisa na yule mvulana wa dawati la nyuma, hata kama ana mwandiko mzuri. Mwenzangu alikaa ukingoni mwa kitanda akitafuna kucha.

"Mimi sina la kumwambia," akasema. "Yule alijua kuishi kuliko mimi. Darasa zima lilimpigia makofi. Hapa nani ananipigia makofi?"

Nikazima taa.

Kesho yake wodi ilichafuka tangu asubuhi. Watoto wa kuharisha walikuwa wamelazwa wawili wawili, mama zao wamebanana kwenye mabenchi, na mlangoni wakaleta mtoto anayetetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Sista wa zamu, mwanamke mrefu ambaye huongea akitembea na hutembea akiongea, alikuwa anamkimbilia huyo. Njiani akampita Tumeelewa na kumshikisha kichupa cha dawa.

"Ya yule wa dirishani. Weka kwenye dripu, halafu u..."

Maneno yaliyobaki yalimezwa na barakoa na kilio cha mlangoni.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, sista."

Na sista akapita.

Kichupa kile kilikuwa cha potasiamu. Nieleze, maana bila hili hamtaelewa kilichofuata. Mtoto aliyeharisha sana huishiwa na chumvi hiyo na kulegea kama kitambaa. Ukiitia ndani ya ule mfuko wa maji unaoning'inia juu, ukauchanganya vizuri, inashuka tone kwa tone na mtoto anapata nguvu. Ukiisukuma moja kwa moja kwenye mshipa, moyo unasimama, basi. Na wodini kwetu kila kitu kiliitwa dripu. Mfuko ni dripu, mrija ni dripu, hata kale kasindano kalikofungwa plasta mkononi mwa mtoto ni dripu. Darasani tulifundishwa tofauti hiyo vizuri kabisa. Mkufunzi aliuliza mwishoni kama tumeelewa, na nadhani mnajua nani alimjibu.

Sista alikosea kumwachia mwanafunzi dawa ile peke yake. Nalisema hilo bila kumwonea haya, haraka au si haraka.

Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nimemshikilia mguu mtoto aliyeungua, daktari anamfunga bandeji. Sikujua ni dawa gani. Ningejua ningeuachia ule mguu na kupiga ukelele. Niliuona mgongo wa mwenzangu tu, akivuta dawa kwenye bomba la sindano, akiinua shingo kuutazama mfuko, kisha akiinama kuutazama mkono wa mtoto. Akautazama tena mfuko. Kisha akainama na hakuinuka.

Nikaona kitu hakiko sawa.

Mtoto wa dirishani alikuwa wa kike, bado hajaanza kusema. Mama yake alikuwa amemlaza mapajani, kanga begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ndiye aliyeuliza.

"Binti yangu, sista kasemaje? Mimi kanipita kama upepo."

Na mwenzangu, ncha ya bomba imeshaingia kwenye kimlango cha ule mrija, kidole gumba kimeshakaa mahali pake, akajibu kwa sauti ileile ya miaka yote.

"Tumeelewa, mama."

Yule mama akamkazia macho.

"Mimi usinitie humo," akasema. "Mimi sijaelewa kitu."

Kidole hakikushuka. Tumeelewa aligeuza kichwa, akatazama nyuma. Alikuja kuniambia baadaye kwamba hakujua alikuwa anamtafuta nani. Mimi najua. Miaka yote aliposema neno lile nyuma yake palikuwa na darasa zima, na mmoja asipoelewa, wapo wengine wa kuelewa kwa niaba yake. Pale dirishani nyuma yake palikuwa na ndoo ya kudekia na ukuta.

"Sista," akaita. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti. "Sista! Sijaelewa!"

Wodi nzima ikageuka. Daktari wangu akaacha bandeji inaning'inia. Mlangoni sista alikuwa ameinama juu ya yule mtoto mwingine, ambaye mtetemeko ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kutulia.

"Hujaelewa nini? Si umesema umeelewa?"

"Nilisema. Sijaelewa."

"Wewe msichana, unaona nilivyo hapa, halafu unaniletea..." Akaja huku anafoka, hatua ndefu, na midomo bado inakwenda alipoiona ncha ya bomba ilipo. Midomo ikasimama.

"Usisukume," akasema polepole. "Usitikise mkono. Toa kidole kwanza. Hivyo. Sasa chomoa."

Kidole kilitoka. Bomba likachomoka, kimiminika chote kikiwa ndani, hakijapungua hata tone. Sista akalichukua, akalishika kwa mikono miwili. Yule mama aliwatazama wote wawili, akamvuta mwanawe kifuani. Hakuuliza tena. Uso wa sista ulikuwa umeshamwambia.

Mtoto alipata dawa yake kwenye mfuko, kama ilivyopaswa, sista mwenyewe akisimama hapo mpaka matone yakaanza kushuka.

Baadaye sista alimwita mwenzangu kwenye stoo ya vifaa, nami nikajipenyeza nyuma yake na hakuna aliyenifukuza. Nilijua anafukuzwa chuo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi ya kumsaidia kufunga sanduku.

"Niambie," sista akasema. "Pale nilipokuuliza, ulielewa nini?"

Tumeelewa akatazama chini.

"Nilielewa kwamba una haraka, sista."

Sista akaketi juu ya boksi la glavu. Likabonyea, hakujali. Akauvuta uzi wa barakoa yake, akasema ataripoti kosa, na kwamba atalitaja la kwake kabla ya la mwanafunzi. Tumeelewa akatolewa wodini na kurudishwa darasani mpaka arudie mtihani wa dawa. Usiku hakulala wala hakuniacha nilale. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, akirudia jambo moja tu, kwamba kama yule mama angekuwa na adabu zaidi, yeye angekuwa ameua.

Nilidhani Ijumaa hataenda. Alitangulia kuvaa.

Ukumbi wa sekondari ulijaa, joto, saa ya chakula inakaribia na harufu ya maharage inapenya madirishani. Mimi nilitoa mawaidha yangu, wakacheka kwenye habari ya mvulana wa dawati la nyuma. Kisha akasimama yeye. Hakuwa na mzaha. Aliwasimulia yote: kichupa, kidole gumba, yule mama. Aliwaambia angekutana na yule kiranja wa zamani angemkalisha chini, angemwambia makofi yale hayakuwa ya akili yake, yalikuwa ya chakula. Aseme "sijaelewa" akiwa darasani, ambako hasara yake ni chakula kupoa. Wasichana wa mbele walikuwa wameziba midomo. Nikajisemea, leo wamesikia.

Kengele ikalia.

Msichana mfupi wa mstari wa kwanza akaruka kusimama, beji ya kiranja kifuani, mikono nyuma.

"Tumeelewa, dada!"

"Tumeelewaaa!" ukumbi ukaitikia, na viti vikaanza kukwaruza sakafu.

Mwalimu wa zamu akapiga makofi, akafurahi kweli. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mwenzangu akashuka jukwaani, akapita katikati yao kwa viwiko, akafika mlangoni kabla yao. Akauegemea kwa mgongo.

"Hapiti mtu," akasema.

"Dada, chakula," mwalimu akamkumbusha kwa upole.

"Kitapoa." Akamnyooshea kidole yule kiranja, ambaye umati ulikuwa umeshamsukuma hadi mbele. "Wewe. Si wao. Umeelewa nini?"

Msichana alifungua kinywa. Akageuka kuwatazama wenzake, na wote, wale waliokuwa wakipiga kelele sasa hivi, wakatazama viatu vyao. Machozi yakamlenga. Tulisubiri, na mimi nilikuwa nikiomba amwonee huruma mtoto wa watu amwachie.

"Sijaelewa, dada," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Nina njaa."

Tumeelewa akausogeza mlango kidogo, upana wa mtu mmoja, akampisha aende kula, na kumgeukia aliyefuata.